Kuomba Si Kudai: Kujifunza Visawe vya Vitenzi vya Kiingereza

Maneno haya yalisemwa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya makatibu wa kamati za miradi za sharika. Yanachapwa hapa kwa ombi la washiriki.





Ratiba inaonyesha kwamba saa hii ni ya "Uandishi wa Taarifa". Nimewaomba waandaaji waniruhusu niibane mada hiyo nizungumzie jambo moja tu, nalo ni vitenzi vya Kiingereza, hasa vile vinavyokaribiana maana, ambavyo walimu wa lugha huviita visawe. Najua wapo watakaosema moyoni kwamba mratibu ametuita kutoka vijijini, wengine wamelala njiani, kuja kutufundisha Kiingereza cha kidato cha pili. Nivumilieni. Nitaanza kwa kuungama, ndipo mtaelewa kwa nini nimelichagua somo hili.

Miaka kadhaa iliyopita usharika mmoja wa Dayosisi yetu, ambao sitautaja, ulikuwa na mradi wa maji ya mserereko. Chanzo kilikuwa mlimani, likajengwa tangi la zege, na mabomba yakawa yashuke mpaka vijijini. Fedha zilikuwa zije kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilikwenda vizuri. Nililiona lile tangi kwa macho yangu, nikapanda juu yake. Kamati ikaandika taarifa kwa Kiswahili, kurasa tatu safi kabisa, na kijana mmoja wa usharika aliyemaliza kidato cha sita akaitafsiri. Ilipofika mezani kwangu niliona Kiingereza chake ni chepesi mno: "we used", "we gave", "we stopped", "we ask". Nikamrudishia nikimwambia, "Kijana wangu, hii inakwenda Ulaya. Tia vitenzi vizito kidogo."

Naye akatii. Alikaa kwenye kompyuta ya ofisi yetu, akaweka alama juu ya kila kitenzi, akabonyeza Shift na F7, na katika orodha iliyojitokeza akachagua neno lililompendeza. Jioni nikaipitia haraka haraka, nikaridhika na uzito wake, nikatia sahihi.

Sasa sikilizeni kilichoandikwa. Pale Kiswahili kiliposema kamati ilitumia fedha kama ilivyopangwa, Kiingereza kilisema kamati ili-"exploit" fedha. Pale kamati iliposema iligawa fedha katika mafungu matatu, yaani mabomba, saruji na ufundi, Kiingereza kilisema fedha zilikuwa "shared out". Pale tuliposema tuliacha kumtumia fundi wa mjini tukamchukua wa kijijini, Kiingereza kilisema "abandoned". Na mwishoni, pale wazee walipoomba kwa unyenyekevu awamu ya pili, iliandikwa "we demand".

Jiwekeni katika nafasi ya mama mmoja aliyekaa ofisini ng'ambo, ambaye fedha hizo amezichangisha kwa kuuza keki na kahawa baada ya ibada. Anafungua bahasha na kusoma kwamba kamati imezitumia fedha vibaya kwa faida yake, imegawana, imemtelekeza fundi, na sasa inadai nyingine.

Barua ya majibu ilikuja baada ya wiki chache. Ilikuwa ya adabu. Iliuliza maswali kumi na moja na kueleza kwamba awamu ya pili itasubiri mpaka mkaguzi afike. Mkaguzi alifika baada ya miezi minne. Alizikuta risiti zote, hakukuwa na shilingi iliyopotea. Lakini mitaro ambayo washarika waliichimba kwa mikono yao ilikuwa imefukiwa na masika, ikabidi ichimbwe upya, na kwa miezi ile yote kina mama waliendelea kushuka bondeni na ndoo. Mtunza hazina wa kamati ile, mzee wa watu aliyekuwa akiziweka risiti katika bati la biskuti, aliniuliza, "Mratibu, ni nani aliyewaambia wale kwamba tumeiba?" Sikuwa na jibu la haraka. Aliyewaambia ni mimi, kwa sahihi yangu. Na yule kijana nilimwomba radhi mwaka uliofuata tu, jambo ambalo nalo linanisuta mpaka leo.

Ndugu zangu, kijana yule hakusema uongo. Orodha aliyoifungua iliyaweka maneno hayo pamoja. Kosa lake, ambalo kwa kweli ni langu, ni kudhani kwamba maneno yaliyopangwa katika mstari mmoja yana thamani moja, kama soda za kreti moja, ukitoa hii ukatia ile hakuna kilichoharibika.

Kwa Kiswahili hakuna kati yetu anayefanya kosa hilo. Tunajua kuomba si kudai, na kudai si kusihi, wala kusihi si kulilia. Mtu mwenye haki ya kitu hukidai, asiye na haki hukiomba. Tunajua binadamu hufariki, huaga dunia, na sisi wa kanisani husema ametwaliwa au amelala katika Bwana, lakini ng'ombe hufa tu. Atakayesema ng'ombe wake amefariki dunia atachekwa mpaka kesho. Tunajua pia kwamba kamati inayogawa fedha ni kamati, na inayogawana fedha ni genge. Herufi mbili tu, "na", zinatosha kumpeleka mtu polisi. Haya yote hakuna mwalimu aliyetuandikia ubaoni. Tuliyapata misibani, mikutanoni, kwenye vikao vya posa, kwa kusikia nani anamwambia nani nini, na kwa sura gani.

Kiingereza hatukukipata hivyo. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha tukaingia sekondari na asubuhi moja masomo karibu yote yakawa kwa Kiingereza. Neno tulilipokea kutoka ubaoni likiwa peke yake, bila ndugu wala jirani. "Begin" ni kuanza, "commence" ni kuanza, "initiate" ni kuanza. Tukaandika, tukakariri, tukapata alama.

Kwa nini basi Kiingereza kina maneno matatu pale ambapo moja lingetosha? Sababu yake ni ya kihistoria. Wenyeji wa Uingereza walikuwa na maneno yao mafupi: "ask", "help", "begin", "end". Mwaka 1066 Wanormandi walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaitwaa nchi, na kwa vizazi vingi wakubwa wa nchi walisema Kifaransa. Maneno ya Kifaransa yakaingia kwa mlango wa baraza la mfalme na mahakama. Juu ya hayo wasomi na watu wa kanisa wakaleta ya Kilatini. Ndiyo maana leo kuna "ask", ambalo ni la nyumbani, "question", ambalo lilikuja na Kifaransa, na "interrogate", lenye asili ya Kilatini. Mama humuuliza mtoto kwa "ask". Mbunge humhoji waziri kwa "question". Polisi humhoji mtuhumiwa kwa "interrogate". Katibu akiandika kwamba kamati ili-"interrogate" wajane ili kupata mahitaji yao, msomaji anawaona wajane wamekaa chini ya taa kali, mlango umefungwa.

Kiswahili nacho kina tabaka hizo. Kuomba ni neno la asili ya Kibantu na kusali limetoka Kiarabu, na sisi tunaomba chumvi kwa jirani lakini hatusali chumvi kwa jirani. Kuwaza na kufikiri ni hivyo hivyo. Mtu aliyekaa anawaza tu si lazima awe anafikiri. Kwa hiyo mtu wa Kiswahili anayejifunza visawe vya Kiingereza haanzi na mikono mitupu. Ana mizani nyumbani kwake, ila anaisahau mlangoni.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa maana kuna kitenzi kimoja ambacho katika taarifa zetu hutusumbua kuliko vingine. Ni kurudisha, au kurejesha. Kwa Kiswahili kinafanya kazi zote. Mwanachama wa VICOBA anarudisha mkopo. Usharika unarudisha kwa mfadhili bakaa ya fedha ambazo hazikutumika. Ofisi inamrudishia mwinjilisti nauli aliyoitoa mfukoni mwake. Duka linaturudishia fedha kwa sababu saruji ilikuwa imeganda. Kamati ya mazingira inarudisha uoto wa asili kwenye chanzo cha maji. Habari ni tano, na Kiingereza kinataka kitenzi chake kwa kila moja. Mkopo ni "repay". Bakaa ni "return". Nauli ya mwinjilisti ni "reimburse", yaani kumlipa mtu alichokwisha kutumia kwa niaba yako. Duka ni "refund", yaani aliyepokea malipo anayatoa tena. Uoto ni "restore", yaani kukirejesha kitu katika hali yake ya kwanza.

Sasa angalieni hatari yake. Mwaka mmoja nilisoma taarifa ya kikundi cha kina mama iliyosema wanachama walikuwa "refunded" mikopo yao yote. Msomaji wa fedha akielewa hivyo, ataona kwamba kikundi kimewalipa wanachama, fedha zimetoka badala ya kuingia. Kumbe kina mama wale walikuwa wamelipa mpaka senti ya mwisho, kazi ya kujivunia kabisa, na kitenzi kimoja kimewageuza wadaiwa kuwa wadai. Karibu na hapo kuna "borrow" na "lend". Kiswahili chetu cha kuazima kinaweza kusimama pande zote mbili, anayetoa na anayepokea, na ndiyo maana mwanafunzi husema "borrow me your pen". Darasani ni kichekesho. Katika kitabu cha mikopo si kichekesho.

Kumaliza pia kuna mitego. "Complete" ni kumaliza kazi ikiwa imekamilika. "Conclude" hufaa mkutano au mazungumzo. "Terminate" ni kukata kabla au kufikisha mwisho kwa amri, na mtumishi akiambiwa hivyo ajue ameachishwa kazi. "Exhaust" ni kumaliza akiba mpaka chini ya debe. Usharika uliomaliza darasa la chekechea mwezi wa tano uandike "completed", na ukiandika "terminated" usishangae kuulizwa watoto wamepelekwa wapi. Kuhusu "ensure", "assure" na "insure" nitasema kwa kifupi: la kwanza ni kuhakikisha jambo, la pili ni kumhakikishia mtu, la tatu ni kukata bima. Mkiandika kwamba mme-"insure" ushiriki wa wanawake, mwenye kampuni ya bima atafurahi.

Yapo maneno mengine ambayo tofauti yake ni ya kiasi cha ahadi, na hapa kamati huahidi zisichoweza bila kujua. Chukueni umaskini. Mkakati wa taifa letu wa mwaka 2005, MKUKUTA, ulichagua kitenzi cha kiasi: kupunguza. Malengo ya Milenia ya Umoja wa Mataifa, yaliyotokana na azimio la mwaka 2000, yalitumia "eradicate" katika lengo la kwanza, yaani kutokomeza, lakini shabaha iliyowekwa chini yake ilikuwa kupunguza kwa nusu kati ya mwaka 1990 na 2015. Mwaka 2015 yakaja Malengo ya Maendeleo Endelevu, na kitenzi kikawa "end", kukomesha, mwisho wake mwaka 2030. Mabalozi hawakuyaokota maneno hayo njiani. Kila kitenzi kilikuwa ahadi yenye kipimo chake.

Njia moja ya kuyashika maneno haya mazito ni kuuliza picha iliyo ndani yake. Ndani ya "eradicate" kuna neno la Kilatini la mzizi, kwa hiyo ni kung'oa mti na mizizi yake. Ndani ya "alleviate" kuna neno la wepesi, ni kama kumtua mtu mzigo kichwani, au kumpunguzia. Ndani ya "mitigate" kuna neno la ulaini, ni kupooza ukali wa jambo ambalo bado lipo. Mkulima akipanda mtama kwa sababu mvua ni chache, haing'oi hali ya ukame. Anaulainisha ukali wake. Mkishaiona picha, hamtasahau.

Wenzetu wa afya ndio walionifundisha uzito wa jambo hili. Kwao "control", "eliminate" na "eradicate" si visawe hata kidogo, ni ngazi. Kwa ugonjwa kama malaria, "control" ni kuudhibiti upungue mpaka kiwango kinachovumilika. "Eliminate" ni kuukomesha usiambukizwe tena ndani ya eneo fulani, ingawa unaweza kuletwa na msafiri. "Eradicate" ni kuufuta duniani kote, usirudi. Ugonjwa wa binadamu uliofikia ngazi hiyo ni ndui peke yake. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Sasa ninalo kabatini andiko la usharika lililoahidi ku-"eradicate" malaria katika mitaa minne kwa vyandarua mia mbili na miaka miwili. Vyandarua vilifika, watu walilala chini yake, watoto waliougua walipungua. Ni kazi njema. Lakini mtathmini alipokuja na andiko mkononi, aliandika kwamba lengo halikufikiwa. Kwa neno "reduce" wangesifiwa.

Wabia wetu mliopo hapa, msidhani nawasema washarika peke yao. Wengi wenu mnaotoka Ujerumani na nchi za kaskazini ya Ulaya hamkuzaliwa na Kiingereza. Kwenu nako ni lugha ya shuleni. Tunakutana katika nyumba ya jirani ambaye hayupo, kila mtu anapapasa ukutani akitafuta taa. Barua moja ilitujia ikisema ujumbe wa wageni utakuja "to control the project". Kamati ilikutana usiku ule ule. Wazee waliamini mradi unanyang'anywa, na mmoja alishauri funguo za ghala zifichwe. Ilibidi nimpigie simu mchungaji mmoja anayejua Kijerumani, akacheka sana, akanieleza kwamba kitenzi chao kinachofanana na hicho maana yake ni kukagua tu, kutazama kama mambo yako sawa. Mgeni mwingine alituambia kwa furaha kwamba "we became your letter", kwa sababu "bekommen" kwa Kijerumani ni kupokea. Na kuna "spenden", ambalo kwao ni kutoa sadaka au mchango, wakati "spend" ya Kiingereza ni kutumia fedha. Tafakarini taarifa ya mapato na matumizi ikipita mikononi mwa watu wawili wenye mkanganyiko huo.

Mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya ofisi, kanisa linayahitajia nini? Sisi tunaojiita Walutheri tusisahau tulipoanzia. Mwaka 1517, katika hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95, Luther alishughulikia kitenzi. Biblia ya Kilatini iliyokuwa ikitumika ilikuwa na maneno mawili ambayo watu wengi waliyaelewa kuwa ni kutimiza adhabu ya kitubio aliyopangiwa mtu na padre. Luther alisema Kristo alikuwa akitaka maisha yote ya mwamini yawe ya kutubu. Miaka michache baadaye Mwingereza William Tyndale, aliyekimbilia Ujerumani, alichapisha huko Agano Jipya kwa Kiingereza, mwaka 1526. Pale watafsiri wa kabla yake walipoandika "do penance", yeye aliandika "repent". Thomas More, mwanasheria mkubwa wa mfalme, alimshambulia kwa maandishi kwa sababu ya uchaguzi wa maneno kama hayo. Ukiyatazama kwa jicho la kamusi, ni visawe. Yanakaa karibu. Lakini moja linampeleka mtu kwa padre kupangiwa cha kufanya, na jingine linamgeuza moyo pale alipo. Tyndale aliuawa mwaka 1536. Sisi katika Biblia yetu ya Kiswahili tunasoma "tubuni", wala hatujiulizi kwamba mahali hapo paliwahi kubishaniwa.

Nirudi kwenye mafaili yetu. Kuna kundi la vitenzi ambavyo sote tunavipenda, na mimi ni wa kwanza: "sensitize", "mobilize", "facilitate", "empower". Vimeingia mpaka katika Kiswahili chetu, kuhamasisha, kuwezesha, na "kuwezeshwa" siku hizi kuna mahali maana yake ni posho. Mtu akikuuliza mwishoni mwa semina kama mtawezeshwa, haulizi habari za elimu. Nimehesabu katika taarifa moja ya kurasa nne, "sensitize" lilionekana mara kumi na tisa. Watu 120 walikuwa "sensitized" juu ya UKIMWI. Nikamuuliza katibu, mlifanya nini hasa? Akasema, siku ya kwanza tuliwaeleza namna ugonjwa unavyoenea. Siku ya pili muuguzi aliwaonyesha mahali pa kupima. Kisha vijana wanane walitembelea kaya zilizokuwa zikiwaficha wagonjwa na kuwabembeleza wawatoe waende zahanati, na kaya tano zikakubali. Ndugu zangu, hiyo ndiyo taarifa! "Explained", "showed", "visited", "persuaded". Vitenzi vinne vya kawaida, kila kimoja na kazi yake, na cha nne kina kaya tano ndani yake. Vyote vilikuwa vimefunikwa na neno moja ambalo mwenye Kiingereza chake nyumbani anaweza kulitumia kwa mwili ulioanza kuikataa dawa.

Hapo ndipo visawe vinapotufaa. Watu hudhani faida yake ni kuepuka kurudia neno. Kurudia si dhambi. Kama mlinunua mifuko ya saruji, mkanunua nondo, mkanunua mabati, andikeni "bought" mara tatu. Hakuna mfadhili aliyewahi kuzuia fedha kwa sababu ya "bought". Kisawe kinahitajika pale tendo lenyewe linapobadilika.

Mwingereza aliyepata umaarufu kwa orodha za maneno yanayokaribiana ni Peter Mark Roget. Alikuwa daktari, na kitabu chake kilitoka mwaka 1852, yeye akiwa na miaka zaidi ya sabini. Aliyapanga maneno kwa mawazo, yaani wazo moja na maneno yote yanayolizunguka, hata yanayovutana. Kitabu cha namna hiyo kinamfaa mtu anayelijua neno lakini limemtoroka, kama unavyomtafuta mtoto wako katika kundi la watoto wanaotoka shule. Asiyemjua mtoto atarudi nyumbani na wa jirani. Siku hizi simu inafanya kazi hiyo haraka kuliko F7, na zipo programu zinazoandika taarifa nzima kwa Kiingereza laini usichoweza kukiona mshono. Zitumieni. Ila aliyetia sahihi bado ni wewe katibu, na bado ni mimi.

Mimi ninafanya hivi, na si lazima ninyi mfanye hivyo. Nina daftari. Nikikutana na kitenzi kipya sikiandiki peke yake. Ninakiandika na mtu anayetenda na kitu kinachotendwa: benki "lends" fedha kwa kikundi, mwanachama "repays" mkopo kwa kikundi, kamati "allocates" fedha kwa mabomba. Hili la mwisho ndilo tulilolihitaji siku ile, na lingeokoa miezi minne. Kisha ninaandika sentensi moja ya kweli kutoka usharika fulani, si ile ya kitabuni ya John na Mary. Na taarifa ikishakamilika ninamwita mtu ambaye hakuiandika, aisome kwa Kiingereza na kunieleza kwa Kiswahili alichokielewa, karatasi ya Kiswahili ikiwa imefunikwa. Akisema "wamegawana", ninajua bado tuna kazi.

Kwa wiki vitenzi viwili vinatosha. Anayetaka hamsini kwa siku moja atakuwa na hamsini asivyovijua.

Kila katibu amekuja na taarifa yake ya robo iliyopita, kama tulivyoagiza katika barua. Baada ya chai tutakaa wawili wawili, watu wa sharika tofauti. Piga mstari chini ya kila kitenzi katika ukurasa wa kwanza, mpe mwenzako, na yeye akwambie kwa Kiswahili ni nani alifanya nini. Wabia wetu nao wameleta barua zao walizotuandikia mwaka huu, nao watakaa katika makundi pamoja nasi. Tutaanza na kurudisha. Mtunza hazina niliyewasimulia habari zake yuko hapa leo, amekaa kule nyuma karibu na mlango, na amekubali kusimamia kundi la kwanza. Bati lake la biskuti amekuja nalo.